Kona ya Fisi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwalimu Mkuu amenipa daftari jipya. Kurasa tisini na sita, nimezihesabu mbele yake. Amesema, "Mzee wangu, kila siku andika mchezo mliocheza, watoto wangapi, na kama kuna aliyeumia. Muhula ukiisha unirudishie." Nikamwambia mama huyo nitaandika zaidi ya hapo. Kalamu nimeishika nikiwa na miaka sitini na mbili, kwenye kisomo cha watu wazima, na katika darasa lile hakuna aliyenizidi isipokuwa wanawake wanne.

Kazi yangu ni kuwachezesha darasa la pili wakati wa mapumziko makubwa, kwa sababu mwalimu wa michezo amekwenda kujifungua. Walitaka kuleta kijana mwenye firimbi. Mwalimu Mkuu akakataa, akasema tunaye Tingatinga wetu.

Ndilo jina langu. Watoto wanafupisha, wananiita Babu Tinga. Miaka kumi na miwili iliyopita, nilipokuwa mtumishi wa shule hii, shimo la choo cha zamani pale kona ya uwanja nililijaza mawe peke yangu kwa siku nne. Watu wakasema hiyo si kazi ya binadamu, ni ya tingatinga. Jina likanasa.

Mchezo: mbio za magunia. Watoto 38. Aliyeumia: hakuna.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mkia wa nyoka. Wanashikana viuno, kichwa kinaukimbiza mkia. Wote walianguka, wote walicheka. Watoto 38.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo nimewafundisha sanamu. Nikipiga debe wanacheza, nikinyamaza wanaganda. Anayetikisa hata kidole anatoka. Mwanzo walikuwa kama kuku mbele ya mbwa, lakini mimi nina mkono wa kufundisha. Mpaka kengele inalia, hata inzi akiwatulia puani hawasogei.

Kuna msichana mmoja, meno mawili ya mbele hana, nimempa jina Bi Maswali. Ameniuliza: "Babu, sanamu akitaka kujikuna afanyeje?" Avumilie. "Akitaka kupiga chafya?" Ameze. "Na wewe mbona hugandi?" Nikamwambia mimi nimezaliwa bingwa, bingwa hafanyi mazoezi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mvua. Hatukucheza.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Imenyesha tangu Ijumaa bila kupumzika, ikakatika leo alfajiri. Nikafika mapema kuangalia uwanja. Kote ni madimbwi. Kwenye kona tu hakuna hata tone. Nikatazama vizuri nikaona maji yanatoka uwanjani, yanakwenda kule taratibu, yanafika katikati ya nyasi, yanapotea.

Nikachomeka fimbo yangu. Ikaingia. Nikasukuma, ikaingia mpaka ngumi yangu ikagusa nyasi, na haikukuta kitu.

Ukurasa huu nitauchana, kwa hiyo naandika lilivyo.

Shimo lile sikulijaza. Nilitia toroli kumi na moja za mawe, nikasikia yanavyoanguka, chubwi, chubwi. Nikachungulia, sikuona tofauti. Siku ya tatu palikuwa na shindano la kuvuta kamba kati yetu watumishi wa shule na wapakuzi wa ghala. Mimi ndiye niliyekuwa nanga, yule wa mwisho anayejifunga kamba kiunoni. Bila mimi timu ile ilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Basi nikachukua milango minne ya choo kilichobomolewa, nikailaza juu ya shimo, nikapanga mabati, nikashindilia udongo, nikapanda nyasi. Nikaenda kuvuta. Tulishinda.

Siku ya nne akaja Mwalimu Mkuu wa wakati ule. Akatembea juu yake, akapiga mguu chini mara mbili, akasema, "Wewe si mtu, wewe ni tingatinga." Ningesema nini? Nilicheka. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo nimalize. Wiki ijayo hiyo sijaiona mpaka leo.

Milango ya mbao. Miaka kumi na miwili ndani ya udongo.

Mchezo: kuruka kamba, karibu na madarasa. Watoto 38. Nimewahesabu mara tatu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimepata dawa. Nimechora mstari wa majivu kuizunguka kona, nikatangaza mchezo mpya: fisi na mbuzi. Fisi ni mimi. Pango la fisi ni kona. Mbuzi akivuka mstari ameliwa, anakaa nje mpaka kengele. Wakapiga kelele za furaha. Hakuna aliyevuka.

Nani mwingine angefikiria hivyo? Si yule wa firimbi.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mvua usiku, mvua asubuhi. Majivu yamefutika, nimechora tena. Watoto 38.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Nimefanya kosa la mtu asiyewajua watoto, na mimi nimezaa saba.

Leo nimekuta wamejipanga kwenye mstari wa majivu kabla sijafika. Mmoja anaingiza mguu, anautoa, wenzake wanashangilia. Yule mnene wanayemwita Gunia amekimbia hatua tatu ndani, akarudi amenyoosha mikono kama mfalme. "Fisi hakuniona! Fisi amelala!"

Kabla ya fisi wangu hakuna mtoto aliyekuwa na habari na kona ile. Sasa hawana habari na kitu kingine chochote.

Niliwafokea mpaka sauti ikapasuka. Wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wakaniambia, "Leo umekuwa fisi kweli kweli, Babu!"

Jumanne, tarehe 19 Machi

Nimewaambia fisi amehama. Bi Maswali akauliza, "Amehamia wapi?" Nikasema mbali. "Alibeba nini?" Nikasema fisi hana vyombo. "Kwa hiyo sasa pango ni letu?"

Nimemrudisha fisi.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini, anatabasamu. Ijumaa ya tarehe 5 Aprili wazazi watakuja kufunga muhula. Darasa la pili watavuta kamba, watoto kumi na tisa huku, kumi na tisa kule, mbele ya kila mtu. Na watavutia wapi? Kona.

"Uwanja mzima ni tope, Mzee wangu. Pale tu ndipo pakavu."

"Pale hapafai."

"Kwa nini?"

"Pana harufu."

"Harufu ya choo? Baada ya miaka kumi na miwili?"

"Harufu ya zamani," nikasema.

Walimu wawili waliokuwa wanasahihisha madaftari wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee hataki watu wakanyage kazi yake!" Mwingine akasema, "Lakini mawe yake yananyonya maji vizuri, jamani."

Nikacheka nao.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Mke wangu ameniambia, "Unakula kama mtu anayesubiri kuitwa." Nikamwambia chakula hakina chumvi. Akasema, "Chumvi ipo. Wewe ndiye hupo."

Watoto kumi na tisa huku, kumi na tisa kule. Mtoto anayevuta kamba anachimba kisigino ardhini. Nimewafundisha mwenyewe kuchimba kisigino.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Bi Maswali amekuja kunivuta shati. "Babu, fisi wako anakunywa maji."

"Umejuaje?"

"Kuna tundu. Kama ngumi. Nimetupa kijiwe, nikahesabu moja, mbili, akasema chubwi."

Nilimshika mkono nikaubana bila kukusudia mpaka akasema unaniumiza. Nimemwapisha asirudi tena. Nikamwambia fisi yule anauma kweli. Akanitazama, akaniuliza taratibu kabisa, "Babu, mbona unaogopa wewe?"

Mimi! Nimewahi kumshika nyoka kwa mkia ndani ya bohari ya shule, watu wazima wakiwa juu ya meza.

Aliyeumia: Bi Maswali, mkono, kidogo. Aliyemuumiza ni mimi.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Leo niliamua. Niligonga mlango wa Mwalimu Mkuu, nikaingia, nikavua kofia. Akasema, "Kaa, Mzee wangu, sema." Nikafungua mdomo kusema shimo ni tupu. Mdomo ukasema, "Nimekuja kukueleza tulivyowavuta wale wapakuzi wa ghala." Nikamweleza. Nilieleza robo saa nzima, hata jinsi kamba ilivyonichuna kiuno. Akasema hadithi nzuri, niwasimulie wazazi siku ile. Nikavaa kofia nikatoka.

Nje mvua imeanza upya.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Nitaandika yote.

Mvua ilikatika saa tatu. Saa nne nikawatoa. Nilibeba kamba, kwa sababu ya mazoezi, nikaiweka chini karibu na ngazi za darasa. Nikasema tuanze na sanamu, miili ipate moto. Walimu walikuwa ndani. Nikapiga debe, wakarukaruka kwenye tope, nikanyamaza, wakaganda.

Nikahesabu sanamu. Ni mazoea yangu sasa. Thelathini na saba. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili. Thelathini na saba.

Nikageuka. Alikuwa ndani ya majivu, amechuchumaa katikati ya kona, sikio kaliinamisha kwenye tundu, kijiwe mkononi. Alikuwa anasikiliza. Na ardhi kumzunguka ilikuwa imebonyea kama sahani, na ukingo wa sahani hiyo nyasi zimechanika, nauona udongo mweusi, ufa mmoja unazunguka kutoka kulia kwenda kushoto.

Ningemwambia toka, angeinuka na kukimbia. Miguu ya mtoto anayekimbia ninaijua, inapiga chini kama nyundo. Nikapaza sauti:

"Sanamu!"

Akaganda. Hakunyanyua hata kichwa. Wale thelathini na saba nyuma yangu nao wakazidi kuganda.

"Babu," akasema kupitia lile pengo la meno, bila kusogeza midomo, "nimeshatolewa?"

"Hujatolewa. Unashinda. Ukisogea tu umeshindwa."

"Chini kunalia."

"Najua. Usisogee."

Nikaita kamba. Gunia na wengine watatu wakaileta mbio, nikawaambia wasivuke majivu. Nikafunga kitanzi, nikalala kifudifudi, mimi na miaka yangu sabini na nne, nikaanza kutambaa kwenye tope. Kila nilipoweka kiwiko nilisikia ubao ukijibu huku chini. Krrr. Nikingoja, unanyamaza. Nikisogea, krrr.

"Sasa cheza mjusi," nikamwambia. "Lala tumbo, polepole kuliko mijusi yote duniani. Mikono mbele."

"Mjusi anaruhusiwa kulia?"

"Anaruhusiwa. Ila asitikisike."

Akalala. Machozi yanamtoka, na hakutikisika. Nikarusha kitanzi, kikaanguka pembeni. Nikarusha tena, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, kikamfika kwapani. Nikarudi nyuma kwa tumbo kama nilivyokwenda.

Gunia nilimfunga mwisho wa kamba kiunoni, nikamwambia leo wewe ndiye nanga. Wengine wakashika. Mimi nilisimama pembeni kuwapa sauti tu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekufa. "Visigino! Moja, mbili, heee-ya!"

Wakati kamba inakaza, sahani ikavunjika. Alizama mpaka kiunoni. Hakupiga kelele. Wale thelathini na saba ndio walipiga kelele, lakini hakuna aliyeachia. "Heee-ya!" Akatoka kifua, akatoka magoti, akaburutwa juu ya majivu mpaka miguuni kwangu. Timu yote ikaanguka chali kwenye tope.

Mimi nilikuwa natazama nyuma yake. Mlango mmoja ulikuwa umeinuka kwa mshazari, bado una rangi ya buluu, na juu yake herufi nyeupe. Milango ile niliilaza kwa mikono yangu, herufi zikitazama juu, na enzi zile kwangu zilikuwa mikwaruzo tu. Leo nimezisoma. WASICHANA. Kisha mlango ukakwama, udongo ukamiminika juu yake, ukazifunika moja moja kuanzia ile ya kwanza, mpaka likabaki bonde la tope kama beseni.

Walimu wakaja mbio. Mwalimu Mkuu akanikumbatia na tope langu lote. Akasema, "Umemwokoa. Umemwokoa mtoto." Watoto wakaanza, "Tinga! Tinga! Tinga!" Maisha yangu yote nimesubiri kupigiwa kelele namna ile. Nikainama nikaanza kukunja kamba.

Kisha akatazama lile beseni, akaniuliza, "Lakini mawe yapo, Mzee wangu? Si uliyajaza?"

Nikasema, "Yapo. Yamezama kidogo."

Ijumaa, tarehe 29 Machi

Mama yake Bi Maswali amekuja nyumbani. Ameshika mikono yangu miwili akalia, akaniita baba. Mke wangu naye akalia. Alipoondoka, mke wangu akanigeukia. "Wewe mtu wa kujisifu mpaka kwa paka," akasema, "leo umesifiwa na mtu mzima, mbona umejikunyata kama umefumaniwa?"

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Fundi ujenzi amekuja. Toroli tatu za kokoto, moja ya udongo, akashindilia. Akaruka juu yake mwenyewe mara mbili. Nilifumba macho. Akamwambia Mwalimu Mkuu, "Udongo wa juu tu ndio ulilainika. Chini kuna mawe ya Tingatinga. Hapa hata lori lipite." Akanigeukia, "Au vipi, Mzee?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Milango mitatu bado imelala pale, na mmoja umekwama. Na sasa juu yake kuna uzito wa kokoto. Nikamwambia Mwalimu Mkuu kamba tuivutie kwenye barabara ya kuingilia. Akasema barabarani watoto watachubuka. Nikasema basi tufute kamba, tukimbize magunia. Akanipiga begani. "Watoto wale ndio walimvuta mwenzao, wazazi wote wanataka kuwaona. Usiwe mbishi, Mzee wangu. Fundi amepapima."

Mchezo: hakuna. Nimewaambia nina homa.

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Bi Maswali amerudi shule. Hachezi. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi, magoti yameshikana, mikono juu ya magoti, hasogei. Nikamwambia mchezo umekwisha, bibi, unaweza kusogea. Akatikisa kichwa kidogo tu. Nikakaa pembeni yake.

Baadaye akasema, "Babu."

"Naam."

"Nilipokuambia chini kunalia, ulisema najua."

"Nilisema?"

"Ulisema, najua, usisogee. Ulijuaje?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na wakubwa wa kazi, na baba mkwe wangu. Hakuna swali lililowahi kuniingia hivi. Hakuwa ananishtaki. Alitaka tu kujua, ili ajue kama miguu yake inaweza kukanyaga chini.

Nikamwambia nitakujibu keshokutwa. Akasema, "Nitasubiri hapa."

Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Mvua kubwa kutwa nzima. Mara tatu nimekwenda kwenye mlango wa ofisi. Mara ya tatu nilifika mpaka mezani. Akaniambia kesho nitavishwa shada mbele ya wazazi. Nikasema ahsante.

Mdomo huu hauwezi. Umezoea kujisifu kwa miaka sabini, haujui njia nyingine.

Nimelichukua daftari nikalifungua pale nilipoandika nitauchana. Nimeushika ule ukurasa kwa vidole viwili. Nikiuchana huu pamoja na nyingine chache, zilizobaki zinasema Babu Tinga alicheza na watoto, akaokoa mmoja. Ni kuvuta tu kidogo. Karatasi ni laini.

Ijumaa, tarehe 5 Aprili, saa moja asubuhi

Mwalimu Mkuu, ulisema muhula ukiisha nikurudishie daftari. Kurasa ni tisini na sita. Nimezihesabu, zote zipo.

Mambo ya magunia na mkia wa nyoka yaruke, utayasoma siku nyingine. Fungua tarehe 11 Machi. Soma kabla hujapanga viti, kabla wazazi hawajaingia, kabla kengele haijalia. Soma mpaka mwisho, hata kama mwandiko umelala.

Anayekuletea ni Bi Maswali. Nimemkuta ameshakaa kwenye ngazi, ananisubiri. Nimemwonyesha daftari, akaniuliza, "Jibu langu limo humu?" Nimemwambia limo, na Mwalimu Mkuu atakusomea. Nimemwonyesha pa kukanyaga: apite kando ya ukuta wa madarasa, pale pana zege, nililimimina mwenyewe, na hilo ni kweli. Amenyanyuka. Amejaribu hatua mbili, anatembea, anangoja tu nimalize kuandika nimkabidhi.

Mimi nimechora majivu mapya na nitasimama juu ya mstari. Akija mtoto nitamwambia mimi ni fisi. Akija mtu mzima na kamba nitamwambia nilichokuandikia, nikishindwa nitalala chini pale pale kwenye mstari, anikanyage kwanza mimi.

Mvua imeanza. Usinitafute kwingine. Mpaka utakapomaliza kusoma, sisogei.